Homa ya Kahawa ya Mwanangu

Mwaka ule tulikula ndizi za kununua. Nasema hivyo ili mtu wa kwetu Kirua Vunjo aujue mara moja, asianze kuniuliza ni mwaka gani. Sisi ndizi tunateremsha sokoni, hatupandishi. Mwaka ule tulipandisha. Mtori, supu yetu ya ndizi, ulikuwa mwepesi kama maji ya kusuuzia sufuria. Kiburu kikawa maharage matupu na kipande cha ndizi cha kusingizia. Siku nyingi tulikula ugali na mchicha kama watu wa tambarare, na mbege ya Noeli ikapikwa kwa ndizi za watu wengine. Wazee waliinywa wamekunja midomo, lakini waliimaliza.

Siku ya kwanza niliposhuka Kiboriloni kununua mkungu nilijifunga kanga kichwani hadi machoni, kama mtu aliyekwenda kuiba. Nikakutana uso kwa uso na mama mmoja wa jumuiya yetu.

"Shikamoo mama. Unauza?" akaniuliza.

"Marahaba. Nanunua. Nimepata wageni wengi."

Akacheka. Na yeye alikuwa na mkungu begani. "Hao wageni, mama, mwaka huu wameingia nyumba zote."

Basi tukacheka wote wawili pale katikati ya soko, halafu kila mmoja akashika njia yake, maana halikuwa jambo la kuchekesha.

Mvua za vuli zilikuwa zimetunyima. Migomba ilisimama lakini ilikuwa myembamba, mikungu yake kama vidole vya mtoto mgonjwa. Hata hivyo si migomba iliyoniuma. Mgomba ukifa unaacha watoto pembeni. Iliyoniuma ni kahawa ya mwanangu.

Huyu alikuwa kitinda mimba wangu. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na mama. Wakubwa wanakwenda Arusha, wanakwenda Dar, wanajenga huko, wanarudi Desemba na magari kuchinja mbuzi. Wa mwisho anabaki kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi yetu. Mwanangu alibaki na hakunung'unika. Wenzake walipong'oa kahawa wapande nyanya, yeye alishuka sehemu ya chini ya kihamba, karibu na korongo, mahali penye mawe makubwa ambapo hata baba yake hakuwahi kupataka, akapanda kahawa mpya kati ya mawe. Aliichimbia mashimo kwa mtaimbo. Akaileta samadi kichwani. Akaivutia maji kutoka kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa wazee unaoshuka kutoka msituni, kwa kajifereji kadogo alikokachimba mwenyewe, kanapita huku kanakwepa jiwe, kanapita kule kanakwepa jingine. Hakuna aliyekajua njia yake vizuri isipokuwa yeye. Watu walimcheka. Kahawa ilipozaa mara ya kwanza, waliomcheka walikuja kuomba mbegu.

Nilijivuna, kwa nini nisijivune? Nilikuwa nawapeleka wageni kule chini hata kama hawakuomba. Padri mwenyewe nilimteremsha na viatu vyake vyeusi.

Halafu asubuhi moja ya masika, miaka mingi kabla ya ukame ule, mwanangu akasema kichwa kinamuuma. Nikampa chai. Akasema kinauma sana. Kabla ya jioni nilikuwa sina mtoto. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku hiyo.

Kaka zake walikuja. Walimlilia kwa kweli, siwezi kuwasingizia. Wakasema mdogo wetu alibaki hapa kwa ajili yetu sote, lazima alale vizuri. Mvua ilikuwa inanyesha siku ile kama inamwagwa kwa ndoo. Vijana waliochimba kaburi walijaribu kando ya kaburi la baba yake, wakakuta mwamba. Wakajaribu nyuma ya jikoni, mwamba tena. Wakashuka chini kwenye kahawa yake, na kati ya mawe mawili makubwa wakakuta udongo laini, mweusi, unaoingia jembe kama ugali. Wote tukasema, tazama, mwenyewe amejichagulia mahali. Tukamzika pale. Baadaye kaka zake wakaleta fundi kutoka mjini. Wakamwaga zege kuanzia jiwe hadi jiwe, zege nene lililoshuka chini sana ili mvua isije ikalibomoa kaburi, na juu wakaweka marumaru nyeupe na msalaba. Katika kijiji chetu hakuna kaburi zuri kama lile. Watu wakienda kisimani walikuwa wanapita pale walione.

Nililipenda. Kila Jumapili baada ya misa nilishuka kulifagia. Nilipanda masale pembeni, ile mimea yetu mitakatifu tunayoweka kwenye mipaka na makaburini. Nilikuwa nakaa kwenye ukingo wa marumaru namsimulia habari za nyumbani: ng'ombe kazaa, binti yako amefaulu, kaka yako mkubwa bado mbishi.

Kahawa iliyokuwa upande wa chini wa kaburi ndiyo ilianza kukataa. Si kwa ghafla. Majani yalikuwa ya kijani kama kawaida, lakini mti ulikuwa hauchangamki. Maua yanatoka machache. Vitumba vinakuwa vyeusi vinaanguka. Niliuita ugonjwa, nikapuliza dawa, haikusaidia. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali rozari ya kumbukumbu, mmoja akaitazama akasema taratibu, "Mama, hii kahawa haiumwi. Inamlilia mwenyewe."

Neno lile lilinishika. Nililibeba kama kanga mpya. Nikawa nashuka pale si kufagia tu, nashuka kulia pamoja na kahawa. Nilikuwa nimechoka kulia peke yangu. Watoto wengine walikuwa wameshaacha kunipigia simu kuniuliza naendeleaje, mke wa marehemu mwanangu alikuwa amerudi kwao, lakini kahawa ilikuwa haijasahau. Nilisema, angalau wewe.

Na maji niliipa. Hilo mtu asije akanisema. Siku yetu ya zamu ya mfongo nilikwenda mwenyewe na jembe, nikafungua mdomo wa kale kajifereji, maji yakaingia, nikayasikia yanashuka ndani ya nyasi yanaimba. Kuyafuata kati ya mawe hadi chini magoti yangu hayakubali; kaburini nilikuwa nashuka kwa njia ya watu. Nikisikia yanaimba nilirudi jikoni.

Sasa mjukuu. Binti wa huyu mwanangu. Alikuwa anasoma chuo cha kilimo, na Februari baada ya Noeli ile ya ndizi za watu, jua likiwa kali kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, akaja na kakamera kadogo keusi anakokapachika kwenye simu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini mjukuu wangu ana kamera ya kupiga picha joto. Niliwaambia watu wote njiani.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kuona. Yeye ndiye mwangalizi wa mfongo wetu, ndiye anayegawa zamu za maji, na ulimi wake ni mkali kama pilipili kichaa.

"Mjukuu, hii si ile bunduki waliyokuwa wanatuelekezea kwenye paji la uso mlangoni mwa kanisa wakati wa korona?"

"Inafanana, babu. Ila hii inaona joto la mti."

"Basi nipime na mimi. Nikiwa na homa nipewe mbege."

"Babu, wewe ukiwa mzima unapewa, ukiwa na homa unapewa."

Akamwelekezea. Tukamwona kwenye simu, uso wake unawaka njano kama taa, pua tu ndiyo nyeusi. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamwambia, "Shemeji, pua yako imeshakufa, imebaki kuzikwa." Yeye akasema afadhali pua kuliko ulimi.

Asubuhi ile mjukuu hakutaka kupima kahawa. Akasema asubuhi kila mti unaonekana mzima, tusubiri jua la mchana. Mchana ulipofika akaniuliza, "Bibi, una mafuta ya mgando?"

"Miguu imepauka?"

"Ya kulipaka jani."

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa anatania. Tukashuka, na kazi ya kupaka akanipa mimi. Jani moja nilipaka mafuta pande zote mbili, hasa upande wa chini, kwa sababu alisema kahawa inapumulia chini. Jani jingine akalipulizia maji. Akanieleza, na nilielewa, maana alieleza kama mtu. Jani lina vitundu. Mti ukiwa na maji, vitundu vinafunguka, jani linatoa jasho, jasho linalipoza. Mti ukikosa maji unaviziba vile vitundu usiishiwe kabisa, na jani lisilotoa jasho linapanda joto. Lile nililopaka mafuta ni jani lililozibwa pumzi, halina jasho kabisa. Lile lenye maji ni jani lililoshiba. Majani mengine yote tunayalinganisha na hayo mawili.

"Na macho yangu hayaoni?" nikauliza.

"Macho yataona baadaye, bibi. Macho yakiona, mti umeshateseka zamani."

Akaanza juu. Kahawa iliyo upande wa juu wa kaburi ilikuwa ya samawati, imepoa, karibu sawa na jani la maji. Nikafurahi, nikasema unaona, maji naipa. Akaja kwenye kaburi. Marumaru ilikuwa nyeupe kabisa kwenye simu, inawaka. Akashusha kamera upande wa chini wa kaburi.

Nyekundu. Kuanzia kwenye ukingo wa zege hadi kwenye korongo, mti kwa mti, nyekundu tupu, kama shati lililounguzwa na pasi. Na majani yenyewe, ukiyatazama kwa macho, ya kijani. Nilinyoosha mkono nikalishika jani. Halikuniambia kitu. Mjukuu akaonyesha jani langu lenye mafuta na jani la mti wa baba yake pamoja. Rangi yao ilikuwa moja.

"Hii kahawa haijapata maji muda mrefu sana, bibi."

"Inamlilia baba yako," nikasema.

Alikuwa ananionea huruma, nilimwona. Kisha akasema, "Bibi, ina kiu."

Kiu. Basi. Miaka yote ile nilikaa pale nikidhani tunalia wawili.

Shemeji alikuwa ameacha utani. Alichukua jembe, akapanda hadi kwenye mdomo wa kajifereji, akakafuata akifunua nyasi. Sisi tulisimama pale chini tunasikia jembe linakuja. Kanakwepa jiwe huku, kanakwepa jiwe kule. Akashuka, akashuka, hadi jembe likagonga zege la kaburi upande wa juu. Akafukua kidogo. Maji yalikuwa yakifika pale, yanagonga zege, yanageuka pembeni na kumwagikia korongoni. Palikuwa na njia yake imelika vizuri kabisa, yenye mchanga safi.

Akakaa chini. Akasema, "Shemeji, tulimzika kwenye mfereji wake."

Ndiyo maana udongo ulikuwa laini. Kila mahali mwamba, pale tu laini, kwa sababu yeye mwenyewe aliulainisha kwa maji miaka yote. Wakati wa masika mfongo unafungwa, mvua imejaa kila mahali, nani angejua? Mtu mmoja tu ndiye angewaambia wale vijana msichimbe hapa, na huyo alikuwa kwenye sanduku.

Mjukuu alilia. Si kwa sauti, alilia akiwa ameishika simu yake vilevile, picha bado inawaka. Nilitaka kumshika, nikashindwa kutembea hatua chache zilizokuwa kati yetu.

Siku iliyofuata tulikaa sebuleni, mimi, shemeji na mjukuu, kuzungumza kitu cha kufanya. Maji kupita pembeni hayawezi, mawe yale ni makubwa kuliko nyumba na upande wa pili ni korongo. Shemeji alishapima kwa macho na kwa fimbo. Bomba la kupita juu ya kaburi lingezibwa na mchanga na majani ya mfongo. Kuleta maji kutokea chini, hakuna. Njia ni moja tu, na mwanangu amelala ndani yake.

Shemeji alikohoa. "Zamani," akasema, "wazee wetu walikuwa wanafukuliwa. Wewe unajua. Mtu akishakaa miaka yake, mifupa inatolewa kwa heshima, inahamishiwa kwenye masale pembeni ya kihamba. Si jambo la ajabu kwetu. Padri tutamwomba, ataleta maji ya baraka. Tunamsogeza alale karibu na baba yake, tutapasua ule mwamba kwa mashine. Kahawa itapona."

"Hiyo ilikuwa zamani," nikasema.

"Bibi," mjukuu akasema, "naomba nikuambie kitu usinikasirikie."

"Sema."

"Baba hakuwa mtu wa marumaru. Hata viatu vya Jumapili ulikuwa unamlazimisha kuvaa. Akiona tumeziba maji kwa ajili yake angechukua nyundo mwenyewe. Mimi nilikuwa mdogo alipokufa, sura yake nikifumba macho haiji vizuri. Ninachokijua cha baba ni hii kahawa. Alinifundisha kuhesabu kwa kahawa hii. Ikifa, mimi nakuwa sina kitu."

Kila neno lilikuwa kweli. Ningependa kusema alinitukana ili nipate njia ya kukasirika, lakini hakunitukana. Niliangalia mikono yake, mikono ya baba yake kabisa, vidole vifupi, kucha pana.

Lakini na mimi nilikuwa na langu. Mimi nilimwona akishushwa. Nilisikia udongo ukigonga sanduku, na nilijiambia, basi, hili ndilo la mwisho, hakuna tena kitu ambacho kitamgusa mtoto huyu. Hilo ndilo lililoniwezesha kurudi nyumbani siku ile na kuwasha moto. Sasa waje na nyundo? Wafungue? Nisimame pale na kanga yangu niangalie wanaume wakimtoa mwanangu kama unavyong'olewa muhogo? Na wakishamtoa, wampitishe hapa mbele ya mlango wangu anakwenda kuzikwa tena? Nimzike mara mbili?

Nikamwambia mjukuu, "Wewe unaitaka kahawa kwa sababu sura yake haiji. Mimi sura yake inakuja kila siku. Sitaki ije na mifupa."

"Bibi, itakufa yote."

Nikainuka. Nikasema, na sikupandisha sauti: "Mwanangu hafukuliwi. Kahawa ikitaka kufa, ife."

Shemeji akainamisha kichwa. Mjukuu akaenda nje, akakaa na ng'ombe.

Alipoondoka kurudi chuoni aliniaga kwa heshima zote, akanishika mkono, akasema ubaki salama bibi. Lakini hakunikumbatia kama siku zote. Anapiga simu Jumamosi. Ananiuliza habari ya magoti, ya ng'ombe, ya jumuiya. Ya kahawa haulizi. Na mimi simwambii.

Nimejaribu ndoo. Nachota kwenye mfongo, nashuka polepole nikishika migomba, namwagia mti mmoja, napumzika, napanda tena. Udongo unayanywa kabla sijageuka. Mwanamke mmoja kisimani aliniuliza, "Mama, unamwagilia nini kule, kaburi?" Nikamjibu, "Ndiyo, namwogesha." Akainua ndoo yake akaondoka.

Siku hizi haihitaji kamera. Macho ya kila mtu yanaona. Majani yamekunjika kama mikono ya mtu anayesikia baridi, kisha yakawa ya njano, kisha yameanza kuanguka juu ya marumaru, na Jumapili nayafagia. Kahawa ya juu ya kaburi imejaa maua meupe mwaka huu, inanukia hadi jikoni. Ile ya chini imebaki fimbo. Nikikaa pale ukingoni sijui tena nimsimulie nini. Nilikuwa namwambia kila kitu. Hili nashindwa kumwambia: kwamba mimi mama yake ndiye ninayeikausha kazi yake, na kwamba nimeona, nimeelezwa, nimeelewa, na bado nakataa.

Wiki iliyopita ukoo ulikaa. Kaka zake walipiga simu kutoka Dar wakawekwa kwenye spika katikati ya meza. Wao waliomwaga lile zege sasa wanasema basi mama, tumhamishe, kaburi jipya watalipia wao, litakuwa zuri kuliko hili. Shemeji akasema miti michache bado ina uhai kwenye shina, maji yakifika kabla ya kiangazi kijacho inaweza kuchipua. Mjukuu naye alikuwepo, amekuja kwa ajili hiyo, amekaa karibu na mlango. Wote wakanisubiri. Nilitaka kuwaeleza habari ya udongo ulivyogonga sanduku, nikaona watu wazima hawa wote walikuwepo siku ile, nao waliusikia.

"Mama," sauti ya mkubwa ikasema kwenye simu, "tunasikiliza."

Nikamtazama mjukuu wangu, si simu.

"Mwanangu hafukuliwi. Kahawa ikitaka kufa, ife."